Kasha Limejaa: Kebo ya Ndani au ya Nje kwa Kasha la Pili?

Kasha la kwanza la kompyuta lilikuwa na nafasi ya hadi diski sita, na zote sita zilikuwa na kazi. Studio ya video za harusi haifuti kitu. Mteja anaweza kurudi baada ya miaka mitatu akiulizia kile kipande cha sendofu ambapo shangazi yake alicheza mpaka kiatu kikakatika. Basi tukatafuta kasha la pili, kuukuu la chuma, tukaliweka ubavuni mwa la kwanza, na kazi yangu ikawa kuunganisha diski nne mpya za humo na kompyuta iliyokuwa kwenye kasha la kwanza.

Nilifanya ambacho mafundi wengi tumewahi kufanya. Nilichomoa vibati vya nyuma, vile vinavyoziba nafasi za kadi, nikapitisha kebo nne nyekundu za SATA, zile za kawaida za kuunganisha diski, za mita moja kila moja, kutoka kwenye madabodi. Zikatoka kasha hili zikaingia lile. Diski zote nne zikaonekana. Nikafunga skrubu, nikalipwa, nikaondoka.

Siku ya nne simu ikaita. Mafaili madogo yalikuwa yanaingia bila shida, lakini ukinakili video kubwa ya gigabaiti 40 diski moja inapotea katikati ya safari, kisha inarudi kana kwamba haikwenda popote. Mfumo ulikuwa Linux, na kwenye kumbukumbu zake kulikuwa na mistari inayosema kasi ya kiungo imeshushwa kutoka gigabiti 6 kwa sekunde hadi 3, halafu hadi 1.5. Mwenye studio alishahukumu kwamba diski ni feki. Nikafungua taarifa za SMART, zile ambazo diski hujiandikia yenyewe kuhusu afya yake, nikatazama kipengele namba 199. Hicho huhesabu mara ambazo data imepita kwenye kebo ikafika imeharibika. Sekta mbovu haikuwapo hata moja, lakini namba ya 199 ilikuwa inapanda huku naitazama. Diski ilikuwa nzima, njia ndiyo ilikuwa mbovu.

Tangu siku hiyo sichagui kebo kwa kuangalia kama kichwa kinaingia kwenye tundu. Vichwa vinaingia sana tu. Diski huongea na kompyuta kwa lugha mbili, SATA na SAS. Cha kuuliza ni nani anayevuka ile nafasi kati ya makasha mawili: SATA au SAS? Ukishalijibu hilo, kebo inajichagua yenyewe.

Anayenong'ona na anayepaza sauti

Tuanze na SATA, ambayo karibu kila mtu ameishika mkononi. Kichwa chake cha data kina pini saba. Tatu ni za ardhi, nne zilizobaki ni jozi mbili: jozi ya kupeleka na jozi ya kupokea. Kwenye kila jozi, volti ya waya mmoja ikipanda ya mwenzake inashuka, na mpokeaji anasoma tofauti kati yao. Ni ufundi mzuri wa kukwepa kelele, kwa sababu kelele ikizipata nyaya zote mbili kwa pamoja, tofauti haibadiliki.

Tatizo ni kasi. SATA ya gigabiti 6 hutuma biti bilioni sita kila sekunde. Ishara husafiri kwenye shaba kiasi cha sentimita 20 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo kila biti inachukua kama sentimita tatu za waya. Katika kebo ya mita moja kuna biti takriban 30 ziko njiani kwa wakati mmoja, zimefuatana kama abiria kwenye foleni ya mwendokasi. Kunja kebo kwa pembe kali, ibane na mlango wa kasha, au iunge na kebo nyingine, na sehemu ya ishara inagonga kile kikwazo na kurudi nyuma, inawakanyaga wanaofuata.

Halafu kuna nguvu ya ishara yenyewe. Katika vipimo vya awali vya SATA, anayetuma anatoa milivolti 400 hadi 600, na anayepokea anatakiwa aone si chini ya 325. Betri moja ya rimoti, kwa kulinganisha, ina milivolti 1,500. Ukitoka na 400 huna kingi cha kupoteza njiani, na ndiyo maana kebo ya SATA ya ndani ikapewa kikomo cha mita moja. Kikomo hicho kiliwekwa kwa kebo iliyotulia ndani ya kasha, mwanzo mmoja na mwisho mmoja.

SAS ni ndugu yake SATA aliyekulia kwenye seva. Anatumia jozi zile zile mbili, na diski ya SATA unaweza kuichomeka kwenye kadi ya SAS, ile inayokaa kwenye madabodi, ikakubali. Diski ya SAS kwenye tundu la SATA haikubali, na kichwa chake kimetengenezwa makusudi kisiingie. Lakini SAS inatuma kwa milivolti 800 hadi 1,600. SATA inanong'ona, SAS inaita kama kondakta wa daladala. Kwa sauti hiyo, vipimo vya SAS vinataja kebo za shaba za hadi mita 10.

Bati, ngao na ruta iliyokuwa juu ya kasha

Kasha la chuma si pambo. Ni kibanda cha bati kinachozuia mawimbi ya ndani yasitoke na ya nje yasiingie. Kebo ya ndani imetengenezwa ikitegemea ulinzi huo. Ukipasua ganda lake utakuta foili nyembamba juu ya kila jozi, na basi. Hakuna wavu wa waya unaoizunguka yote, na kichwa chake ni plastiki.

Ukiitoa nje inakuwa antena. Ishara ya gigabiti 6 inacheza kwenye masafa ya hadi gigahezi 3, na Wi-Fi ya kawaida iko 2.4, yaani ni majirani wa mlango kwa mlango. Pale studio, ruta ilikuwa imekaa juu ya kasha la pili, na mafundi wa kamera walikuwa wanaweka simu zao hapo hapo kuchaji. Sisemi ruta ndiyo ilikuwa mchawi wetu. Kebo ya mita moja iliyokunjwa mara tatu nyuma ya meza ilitosha kuleta balaa bila msaada wa mtu.

Kebo ya nje imejengwa kwa mtazamo mwingine kabisa. Ina foili, ina wavu wa waya juu ya foili, na wavu huo umeunganishwa na kichwa cha chuma. Kichwa kinaingia kwenye tundu la chuma, tundu limekaa kwenye bati la kadi, na bati limefungwa kwa skrubu kwenye kasha. Ukishachomeka pande zote mbili, makasha yako mawili yanakuwa kama kibanda kimoja chenye korido ya chuma katikati. Ndiyo tofauti kubwa kuliko zote, na haionekani kwa macho dukani.

Tofauti nyingine ni ya mikono. Kichwa cha SATA cha ndani kilikusudiwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 katika maisha yake. Cha eSATA, toleo la nje la SATA, mara 5,000. Kebo ya nje inajua kwamba kuna siku ufagio utaipitia na mtoto ataivuta. Ya ndani haijui.

Na hapo utauliza: hiyo eSATA, kwa nini nisiitumie? Ilikuja kutatua shida hii hii: inatuma kwa milivolti 500 hadi 600, mpokeaji anasikia hata zikishuka mpaka 240, kebo inaruhusiwa mita mbili. Kwa diski moja ilikuwa sawa. Kwa nne utahitaji kebo nne, au kile kigawanyaji kinachobeba diski kadhaa kwenye kebo moja, na madabodi nyingi hazikitambui. Hata zinapokitambua, diski moja ikikohoa, wenzake wote wanasubiri. Siku hizi kuipata kwenye mashine mpya ni bahati. Tuiache ipumzike.

Namba za kwenye vichwa

Upande wa SAS ndiko watu wanakopotelea, kwa sababu kebo zinaitwa kwa namba kama namba za magari. Zinazokuhusu ni nne. SFF-8087 ni ya ndani, SFF-8088 ni ya nje, na hizi mbili ni za kizazi cha gigabiti 6. SFF-8643 ni ya ndani, SFF-8644 ni ya nje, za kizazi cha gigabiti 12. Ukisahau, kumbuka kwamba katika kila jozi namba kubwa ndiyo inayotoka nje. Kila kichwa kati ya hivi kinabeba njia nne kwa pamoja, kwa hiyo kebo moja ya 8088 inasafirisha gigabiti 24 kwa sekunde. Ukiondoa biti za ziada zinazoongezwa njiani, ni kama megabaiti 2,400. Diski ya kuzunguka inatoa megabaiti 200 na ushee ikiwa na siku njema. Kumi zikikimbia pamoja ndipo kebo inaanza kuona kazi, na kama data yote inapita kwenye mtandao wa gigabiti moja, ambao kikomo chake ni megabaiti 125, usipoteze usingizi kuhusu kasi ya kebo.

Kadi nazo zinajitaja. Kwenye kadi za LSI, kampuni iliyonunuliwa na Avago mwaka 2014 na sasa bidhaa zake zinauzwa kwa jina la Broadcom, herufi ya mwisho inakuambia kila kitu: 9211-8i ina njia nane za ndani, 9200-8e ina njia nane za nje. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa kaka, hii nayo ni LSI", mwombe akuonyeshe tundu ziko upande gani wa bati.

Kuna mtego mmoja umeshawalia watu hela. Kebo yenye kichwa kimoja cha 8087 na mikia minne ya SATA ipo ya aina mbili, na kwa macho ni mapacha. Moja inatoka kwenye kadi ya SAS kwenda kwenye diski nne. Nyingine inatoka kwenye tundu nne za SATA za madabodi kwenda kwenye ubao wa diski wenye tundu la 8087. Mpangilio wa nyaya ndani umepinduliwa. Ukikosea, hakuna kinachoungua, ila diski haionekani hata moja na utalala ukiamini kadi imekufa. Soma maandishi ya tangazo: ya kwanza inaitwa ya mbele, ya pili ya kinyume.

Mita moja inahesabiwa kuanzia wapi?

Sasa tufike mahali ambapo hata waliosoma hukosea. Mtu ananunua kadi ya nje, ananunua kebo nzuri ya 8088 ya mita mbili, upande wa pili anaweka bati lenye adapta ya kugeuza 8088 kuwa 8087, na kutoka hapo mikia minne inaenda kwenye diski zake za SATA. Anajiambia: hii ni SAS, nina mita 10, niko salama.

Hayuko salama. Diski ya SATA haijui kuongea SAS. Kadi ikiigundua, inateremsha sauti na kuongea SATA nayo. Kwa hiyo kinachopita kwenye ile kebo nene ya gharama ni mnong'ono ule ule, na mita moja inahesabiwa kutoka kwenye kadi mpaka kwenye diski, kebo ya nje na mkia wa ndani zikijumlishwa. Kebo ya nje imekupa ngao tu, sauti imebaki ile ile.

Hesabu na viungo pia. Ukitumia kadi ya ndani pamoja na adapta mbili, moja kila kasha, ishara inavuka sehemu sita za kuchomekana: kadi, adapta ndani, adapta nje, adapta ya pili nje, adapta ya pili ndani, diski. Kadi ya nje inapunguza mpaka nne. Kila sehemu hizo inakula kidogo na kurudisha mwangwi kidogo. Ndiyo maana nikiulizwa kati ya kadi ya `8i` yenye adapta na kadi ya `8e`, sijiulizi mara mbili kama bei zinakaribiana.

Dawa ya kweli ni ekspanda. Ni ubao mdogo wenye chipu unaokaa kwenye kasha la diski, unapokea SAS kutoka nje, unaisoma, na kuituma upya kwa diski. Fikiria mtu wa kati anayesikia ujumbe vizuri kisha anaurudia kwa sauti yake mwenyewe, tofauti na anayeupitisha tu bahasha ikiwa imelowa. Kati ya kadi na ekspanda ni SAS tupu, milivolti zake zote, mita mbili au tatu hazina neno. Kati ya ekspanda na diski ni SATA, lakini hapo ni nusu mita ndani ya bati. Intel walitengeneza mmoja, RES2SV240, wenye njia 24. Nne zikitumika kuja kwenye kompyuta, zinabaki 20 za diski. Unapata umeme wake kwenye plagi ya kawaida ya Molex, kwa hiyo kasha la pili halihitaji madabodi. Zipo zinazohitaji nafasi ya PCIe, ile ya kuchomeka kadi kwenye madabodi, ili zipate umeme tu, hivyo angalia kabla ya kulipa.

Ndivyo tulivyomaliza pale studio. Kadi ya `8e` ya mtumba iliyokuja na mzigo wa Dubai, kebo moja ya 8088 ya mita moja, adapta ya bati, ekspanda. Kadi ikawekwa femwea ya IT, yaani programu ya ndani ya kadi ambayo inaziacha diski zionekane zilivyo bila kulazimisha RAID, ule mtindo wa kuziunganisha diski ziwe kama moja. Na feni ndogo ikafungwa juu ya chipu ya kadi kwa nyuzi za plastiki. Kadi hizi zimezaliwa kwenye seva zenye upepo wa kimbunga. Ukiiweka kwenye kasha la kawaida, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi cha Dar mwezi wa pili, chipu inaweza kuchemka mpaka ikazalisha makosa yanayofanana kabisa na ya kebo mbovu. Utabadilisha kebo tatu kabla ya kugusa chipu na kuunguza kidole.

Kebo za ndani kupitishwa nje sizipigi marufuku moja kwa moja. Nina makasha mawili nyumbani yaliyobanana mgongo kwa mgongo, nimetoboa tundu moja linalopita kote kote na bati linagusana na bati, kebo ya 8087 inavuka sentimita chache tu. Haijawahi kunisumbua. Lakini inabeba SAS kwenda kwenye ekspanda, na haionekani na ufagio. Na kama una diski moja au mbili za kuhifadhia nakala, nunua kasha dogo la USB 3, uachane na habari zote hizi.

Umeme, kabla hujachomeka

Kasha la pili linahitaji pawasaplai yake. Bila madabodi haitawaka, kwa hiyo kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 unaunganisha waya wa kijani, pini ya 16, na waya wowote mweusi. Vipo vifuniko vya bei ndogo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ni bora kuliko kipande cha klipu ya karatasi kilichofungwa solotepu.

Jambo la kuangalia sana kwetu ni waya wa ardhi. Nyumba nyingi soketi ina matundu matatu lakini la ardhi halijaungwa na chochote. Pawasaplai isiyo na ardhi huvujisha umeme kidogo kwenye kasha kupitia vichujio vyake, na kasha linakaa kwenye karibu nusu ya volti za soketi. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndio ule unaowasha vidole ukigusa skrubu za nyuma. Sasa una makasha mawili ya namna hiyo, na mkononi una kebo yenye ngao ya chuma inayokwenda kuyagusanisha. Tofauti ya volti iliyopo kati yao itapita hapo, na pini za data ziko milimita chache pembeni. Tumia soketi iliyo na ardhi ya kweli, makasha yote mawili kwenye ekstensheni moja, na chomeka kebo yote yakiwa yamezimwa na yametolewa kwenye umeme.

Kuwasha, anza na kasha la diski, subiri zizunguke, ndipo kompyuta. Kuzima, kompyuta kwanza. Ukikatika umeme na kurudi kwa fujo kama tulivyozoea, utaratibu huu hautaheshimiwa na mtu, kwa hiyo yupiesi, ile betri ya akiba ya umeme, ibebe yote mawili. Ikibeba kompyuta peke yake, mfumo utaona diski zake zote zimetoweka kwa mpigo, na hiyo si picha ya kuamkia.

Baada ya kufunga, andika namba ya 199 ya kila diski kwenye karatasi, nakili gigabaiti mia mbili hivi, kisha soma tena. Namba haitakiwi kusogea hata moja. Usitegemee ishuke, maana diski haifuti hesabu hiyo hata ukibadilisha kebo kwa ya dhahabu. Ile diski iliyoitwa feki bado iko pale studio inapokea sendofu kila wikendi, na namba yake imegota pale pale ilipofika siku ile ya nne.